Ombi la Fundi wa Mashua Kuandikwa Ndege

Fundi Ishaq Mbwana,
Karakana ya Mashua,
Ufuoni, nyuma ya ghala la samaki,
Kismayu.
Mwanzo wa Shaabani.

Kwa Mkurugenzi wa Mazingira,
Mradi wa Njia ya Umeme.

Ndugu Mkurugenzi,

Baada ya salamu, na baada ya kukuombea afya njema, watoto wema na wafanyakazi wanaosikia wanachoambiwa, nakuletea malalamiko yangu kwa heshima zote. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu nikilalamika kwa Kisomali huwa nasahau adabu. Bi Kaltuma, mkuu wa watathmini wako, amesoma Nairobi na atakusomea bila taabu. Mwambie asiruke yale yanayomhusu yeye.

Mimi ni fundi wa kuunda mashua. Asili yangu ni kisiwa cha Chovai, na karakana yangu iko hapa ufuoni Kismayu, pale mnapopitisha waya kutoka kwenye mitambo ya bandarini kwenda kwenye kile kituo kipya cha kupoza umeme. Sina ugomvi na umeme. Wala sina ugomvi na kupozwa kwake, ingawa kwa jua la hapa sijui mtafanikiwa vipi. Ugomvi wangu ni na ripoti yenu ya athari za mazingira. Nimeisoma kutoka jalada hadi jalada, na humo nimejifunza kwamba katika ufuo huu kuna kasa, kaa, korongo, mikoko yenye afya, na konokono mmoja ambaye hata jina hana. Mimi simo.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Nalalamika kwamba mahali nilipo pameandikwa "eneo tupu la mchanga". Bi Kaltuma alipokuja mwaka jana kutathmini, nilimkaribisha. Kwa kuwa sina kiti cha wageni, alikaa juu ya mkuku wa mashua niliyokuwa nimeanza kuiunda, mkuku ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Akanywa chai yangu ya tangawizi, akala mahamri ya mke wangu Mashavu, akayasifu, akaongezwa, na akiwa amekaa hapo hapo akaandika "tupu". Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni alikuja, mwenyeji akafutwa.

Ukurasa unaofuata umetaja "harufu kali ambayo chanzo chake hakikujulikana". Chanzo chake ni sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka mbao zisioze, na mpakaji ni mimi. Yaani harufu yangu imo katika ripoti na mwenyewe simo.

Nilimwendea Bi Kaltuma ofisini kwake, naye akanieleza kwa upole, maana ni binti aliyelelewa. Alisema ripoti ina sehemu ya viumbe na sehemu ya majengo. Karakana yangu si jengo, kwa kuwa haina kuta. Mashua si chombo, kwa kuwa haijaingia majini. Na mimi si kiumbe, kwa maana ya neno hilo inayotumika katika ripoti. Nilimshukuru nikarudi nyumbani. Mashavu aliponiuliza nimeambiwa nini, nilimwomba chai kwanza.

2. Nalalamika kuhusu nguzo. Kwa mchoro wa kwanza, waya ulikuwa upite kwenye mikoko, mbali na mimi. Wakaonekana korongo wawili wenye kiota. Mchoro ukafutwa, waya ukasogezwa ili korongo wasisumbuliwe, na uliposogezwa ukaja kwangu, kwenye eneo tupu. Nguzo imeshasimikwa, waya tu ndio bado. Imesimama katikati ya njia ya kushulia mashua, baina ya karakana na maji. Upande mmoja kuna ukuta wa ghala la samaki, upande wa pili kuna majabali. Mashua yangu ni pana, haipiti. Nimepima kwa kamba, nimepima na kwa macho, na macho ya fundi hayadanganyi.

Korongo sina kinyongo nao. Ni majirani wazuri, hawakopi chumvi. Ninachouliza ni kwa nini wao wapishwe na mimi nisimikiwe.

3. Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, naomba niandikwe ndege. Usicheke kwanza, soma sababu zangu.

Nakaa ufuoni. Nakula samaki. Miguu yangu ni mirefu na myembamba, na kila asubuhi husimama majini kwa mguu mmoja nikiosha mwingine. Waulize wapita njia. Najenga kwa miti na vijiti kama wao, tofauti ni kwamba changu kinaelea. Ripoti inasema korongo "wamepungua sana katika pwani hii". Mafundi wa mashua hapa mjini tumebaki wawili, mimi na Mzee Shee, na kwa kuwa sote ni wanaume, na Mzee Shee macho yamemwishia, tumaini la sisi kuongezeka ni dogo kuliko la korongo.

Tena ripoti inawasifu sana "ndege wahamao", wale wanaoondoka hali ikiwa mbaya na kurudi ikitengemaa. Ndugu Mkurugenzi, na mimi nilihama. Vita vilipoingia hapa tulipanda chombo, mimi na Mashavu na mimba yake, tukaenda Mombasa, tukakaa kambini kwa wakimbizi muda ambao sipendi kuuhesabu. Kisha nikarudi kwa hiari yangu kwenye ufuo huu huu, wala sikuonyeshwa njia na mtu. Korongo akifanya hivyo anachorwa kwenye kitabu kwa rangi. Mimi nilipofika niliulizwa nimetoka wapi na nina shida gani. Jambo lile liliniuma, na mwenye kovu usidhani kapoa.

4. Nikishaandikwa ndege, nadai haki zote za ndege. Kiwekwe kibao mbele ya karakana kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kiseme kwamba hapa anaishi kiumbe adimu asiyetakiwa kusumbuliwa, na picha yangu iwepo, ile niliyovaa kofia. Mashine zenye kelele zisipite karibu nami wakati wa kuatamia, ambao kwa upande wangu ni kila siku baada ya chakula cha mchana, ninapojilaza. Yule mtaalamu wenu anayekuja na darubini kuwatazama korongo aje anitazame na mimi, kwa mbali vile vile na kwa heshima ile ile, bila kuniuliza bei za mbao. Pete ya mguuni naikubali, mradi iwe ya fedha.

Mashavu nilimwomba tuandikwe pamoja, awe korongo jike. Amekataa kwa sababu ya ile miguu. Badala yake anataka kujua kama mume aliyeandikwa ndege bado analazimika kununua unga. Nimemwambia swali hilo litajibiwa na ofisi yako.

5. Sasa nifike kwenye lenyewe. Mashua hii si ya mteja. Ni ya mwanangu Gharibu. Alizaliwa kule kambini, ndiyo maana tukamwita hivyo, mgeni. Amekulia Mombasa, marafiki zake wako Mombasa, na huku alikuja kututembelea tu. Nikamwambia, kaa mwanangu, nitakuundia mashua ya kuvulia, yenye nafasi ya mashine na sanduku la barafu. Akakaa. Ameshika tezo na kuchonga pamoja nami tangu mbao za kwanza, na mkono wake si mbaya, ingawa mbele yake sisemi.

Siku nguzo iliposimikwa aliitazama, akaendelea kuchonga. Tulipokaa kula ndipo akasema: "Baba, chombo kikingia bamvu hili, n'takaa. Kisipongia n'tarudi zangu Mombasa, hapa hapanitaki." Bamvu, kama hujawahi kukaa pwani, ni yale maji makuu ya mwezi mpevu, na ndiyo peke yake yanayopanda hadi kuikaribia karakana. Baada ya bamvu hili tunaingia Ramadhani, na watu wa kuvuta chombo kizito kwa saumu sitawapata.

Hapa sifanyi mzaha, Ndugu Mkurugenzi. Nilihama, nikarudi, nikadhani mambo ya kuhama yamekwisha. Kumbe mtu anaweza kurudi kwao na mwanawe asirudi. Naogopa, na sioni haya kuliandika neno hilo kwenye barua ya ofisi.

6. Kwa hiyo, nguzo isiposogezwa kabla ya bamvu, nitapanda juu yake nijenge kiota. Mbao ninazo, misumari ninayo, na kupanda napanda, nimepanda milingoti ujana wangu wote. Ripoti yenu inakataza kumsumbua ndege yeyote aliye kwenye kiota mpaka makinda yake yaruke. Basi nitakaa huko juu, na umeme wenu usubiri chini, kwa maana kinda langu mimi naomba lisiruke kamwe.

Naamini ofisi yako italipima jambo hili kwa uzito ule ule mliompimia konokono. Nisalimie Bi Kaltuma, mwambie Mashavu anauliza atakuja lini tena kula mahamri, ila safari hii atafutiwe kiti. Wasalimie vijana waliochimba shimo la nguzo, na uwakumbushe kwamba sepetu waliyoazima ni yangu. Wasalimie wote nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Korongo nitawasalimu mwenyewe kesho asubuhi.

Nabaki mimi, jirani wa mradi wako, vijiti vikiwa tayari,

Fundi Ishaq Mbwana
(ndege mtarajiwa)

Nyongeza: Barua hii niliikabidhi kwa Abdulqadir mwenye bajaji aifikishe kwako. Akaitia mfukoni, akavaa shati jingine, akaisahau. Imenirudia jana, imeloa kidogo kwenye pembe lakini inasomeka. Kwa kuwa bahasha bado ni nzuri, naongeza yafuatayo.

Bamvu lilifika kabla yako. Nikasema potelea mbali, tujaribu hivyo hivyo. Tuliita watu, ukaja mtaa mzima, na jamaa wa Chovai wakaja na kamba zao. Wanawake walianza kwa vigelegele, kisha wakaona wanaume tunalegea wakashika kamba na wao. Mashua ikasogea kidogo, ikazama mchangani, ikakataa. Tukaimba, ikakataa. Maji yakaanza kurudi, nami nikawa simtazami mwanangu usoni.

Ndipo Gharibu alipochukua kapi, lile gurudumu la kuvutia mizigo, akalifunga kwenye nguzo yenu, akapitisha kamba ya mashua, akatuambia tugeuke tuvute kuelekea karakana. Watu walidhani amechanganyikiwa. Tulipovuta, mashua ikaenda mbele kama punda aliyeona nyumbani. Nguzo haikutikisika hata kidogo. Mmeichimbia vizuri, na nadhani ni kwa sababu ya sepetu yangu. Tulipoikaribia tukaipinda mashua upande wa ghala, na ile nafasi niliyokuandikia kwamba haitoshi, ilitosha, ikabaki na ya mbuzi kupita. Macho ya fundi siku ile ya kupima yalikuwa na hasira, na kamba ikayafuata. Mashua sasa inaelea, korongo mmoja ameshaikalia, na Bi Kaltuma anaweza kuja kuiandika kuwa chombo.

Kwa hiyo naomba sana nguzo isiguswe. Akija mtu kutaka kuing'oa, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kulalamika. Na kama mna nyingine isiyo na kazi, isimikeni upande wa nchi kavu, tupate ya kuvutia mashua zinazorudi kutengenezwa.

Kuhusu kuandikwa ndege, Mashavu amenikalisha kitako akaniuliza ni nani aliyewahi kuona korongo akifungiwa mita. Friji ameitaka tangu tukiwa kambini, na hataki kuikosa kwa ajili ya miguu yangu. Amesema, "Mchu ni mchu, ndege ni ndege," na kwamba umeme hupewa mchu, yaani mtu kwa lugha yetu ya Chovai. Nimeona ana hoja. Niandikeni mtu, nyumba moja, taa na friji.

La mwisho. Siku ile tulipokuwa tunakunja kamba, Gharibu aliniambia mwakani tuunde nyingine, kubwa kidogo kuliko hii. Alisema mwakani, kwa mdomo wake, na mimi sikuwa nimemuuliza kitu. Basi hata kama ofisi yako imeshaanza kunishughulikia, tafadhali nitoeni kwenye lile fungu la ndege wahamao. Mimi na wangu hatuhami.