Sanduku la Vifaa Vyangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Karakana imeanza rasmi. Kibanda nilikijenga mwaka juzi kwa ajili ya gari. Gari halijaja. Anneth, mke wangu, amesema ikifika mwisho wa mwezi sijaunda kitu cha maana, kibanda kitaingia kuku wa mayai. Anneth hatishii mtu. Anasema, kisha anafanya. Mikono imeniingia baridi, ingawa huenda ni upepo tu wa Makambako.

Nina msumeno, nyundo ya marehemu baba na randa ya kuazima. Futi ya kupimia sina. Umeme sitauingiza, nauogopa. Mbao nzuri siziwezi, ila kwenye mashine ya kupasulia magogo wananiruhusu kuokota mabanzi ambayo wenzangu wanapikia. Nitaanza na sanduku la vifaa: refu, lenye mfuniko, na juu ya mfuniko ndiyo meza ya kazi. Kitu kimoja, kazi mbili. Akili hiyo.

Aloyce amechungulia. Huyu ni fundi kutoka Mlangali, ana karakana ng'ambo ya barabara na randa ya umeme inayopiga kelele kutwa. Anatengeneza vitanda, milango na majeneza. Ameangalia mabanzi yangu, akauliza kama tunahamia kwenye kuni moja kwa moja. Nimemchukia.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Mama mkwe amefika kutoka Kifanya, kifua kimembana. Daktari wa zahanati amempa dawa za siku saba na kuonya asiruke hata dozi moja. Amelazwa chumba cha wageni.

Mama Hosiana namwogopa kuliko umeme. Kwetu Wabena mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuingia anapolala. Miaka kumi na moja ya ndoa, ninavyovifahamu vizuri ni viatu vyake. Leo nimemsalimia kamwene kupitia mlango uliofungwa. Akajibu kwa kikohozi. Nimeondoka mbio.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya jambo la kijasiri. Kitanda cha wageni kina mbavu mbili za mninga, zimenyooka kama rula. Mama mkwe akishapona na kwenda zake, nitazing'oa zishike meza yangu. Maana yake sanduku lilingane na kitanda. Maana yake nipime kitanda. Na mgonjwa yuko juu yake.

Mchana Anneth alikwenda sokoni. Nikachungulia: mama mkwe amefumba macho. Nikaingia kwa kunyata na kamba ya katani. Nikaivuta kutoka kichwani hadi miguuni, nikapiga fundo. Nikaivuta tena kwa upana, hapo kwenye mabega, fundo la pili. Moyo ulinipiga hadi nikadhani utamwamsha.

Nilipoinua macho, yake yalikuwa wazi.

Sikusema neno, maana mkwe hasemeshwi hovyo. Niliinamisha kichwa kwa heshima, nikatoka kinyumenyume na kamba yangu. Nadhani hakuelewa.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe amekataa uji. Dawa pia amekataa. Anneth anasema amegeukia ukutani na kusema asisumbuliwe, mambo yameshapangwa. Ameomba Emilia, mdogo wake Anneth, apigiwe simu. Anneth amelia jikoni. Nimemwambia labda dawa ni chungu.

Sanduku linakwenda vizuri mno. Mabanzi yamepinda, kwa hiyo limetoka pana kidogo juu na jembamba kuelekea chini. Linapendeza hivyohivyo.

Aloyce amekuja tena. Safari hii amevua kofia, akanipa pole. Ni kweli nilikuwa natoka jasho. Nikamjibu asante, ndiyo kazi yenyewe. Akatikisa kichwa, akasema ninajikaza sana. Hatimaye ameiona kazi yangu.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia karakanani.

Asubuhi kina mama sita waliingia na kuni, unga na sufuria kubwa, wakakaa uani. Nikadhani ni kikundi cha Anneth. Aloyce akaleta vishikio vinne vya shaba, bure. Nikavipokea! Nikavifunga kwenye sanduku, viwili kila upande. Kisha Mzee Nahumu, mzee wa usharika, akanishika bega na kuuliza kama mazishi yatakuwa hapa au Kifanya.

Ndipo nikaelewa. Kamba. Hapa kwetu mtu anayeingia chumbani na kamba, akapima urefu na mabega bila kusema neno, akatoka kinyumenyume, ana kazi moja tu. Baba yangu alipimwa hivyo hivyo, nikiwa nimesimama mlangoni.

Anneth ameniuliza nani aliyeniambia kwamba mama yake anakufa. Nilitaka kueleza habari za mbavu za mninga. Yakanitoka maneno mawili, naye akaondoka.

Siku mbili bila dawa. Nimesikia kikohozi chake kupitia ukutani, kimekuwa kidogo na cha mbali. Akifa, nitakuwa nimemuua kwa kamba. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipata mpango. Kumsemesha siwezi, Anneth hapeleki ujumbe wangu. Basi mama mkwe aone kwa macho yake kwamba ni sanduku la vifaa. Nilijaza msumeno, nyundo, randa na makopo ya misumari, nikataka lipitishwe taratibu mbele ya dirisha lake.

Likawa zito. Lilihitaji watu wanne. Aloyce akashika kishikio cha mbele, Mzee Nahumu cha nyuma, wakapatikana wengine wawili. Mfuniko nikausahau, ulikuwa umefungwa. Kina mama walipoona linatoka wakasimama na kuanza wimbo. Tukapita mbele ya dirisha mwendo wa pole, mimi mbele, kichwa chini.

Pazia likafunguka. Likafungwa. Nikajua nimemmaliza.

Kisha mlango ukafunguka, akatoka mwenyewe, kanga begani, anayumba. Akauliza kwa Kibena anazikwa nani wakati yeye hajafa. Wimbo ukakatika. Akasogea, akainua mfuniko, akachungulia. Akatoa kopo la misumari, akalitikisa sikioni. Akaniita Filemoni, kwa jina, mbele ya watu wote, akasema kama nilitaka urefu wa kitanda ningemuuliza mke wangu.

Nikaviangalia viatu vyake. Akaomba uji. Akaomba na dawa.

Nimelia nyuma ya karakana hadi Anneth akanikuta. Alisimama tu karibu yangu.

Jumapili, 22 Juni

Daktari ameshangaa, kifua cha mama mkwe kimesafika. Kesho anarudi Kifanya. Ametuma neno kwa Anneth kwamba amenisamehe, na kwamba sanduku analitaka yeye la kuhifadhia mahindi. Anneth amefurahi mpaka kaniongezea muda wa karakana hadi Krismasi. Kuku, kwisha habari yao.

Nimejifunza kwamba na mkwe maneno hayafai, vitendo ndivyo vinavyoeleweka. Kwa hiyo wakati wako kanisani kutoa shukrani nimemwandalia jambo la kumfurahisha. Sanduku nimelipiga vanishi nyeusi. Lisipotee kwenye gari, nimeandika jina lake juu ya mfuniko kwa rangi nyeupe: HOSIANA MLIGO. Kifanya wako Hosiana Mligo wawili, kwa hiyo nikaongeza mwaka wake wa kuzaliwa, 1951. Mbele yake nikaandika 2025, ili ijulikane limesafirishwa lini. Nimeliweka katikati ya sebule juu ya stuli mbili, rangi ikauke, nikalifunika shuka jeupe kuzuia vumbi.

Nawasikia wanaingia getini, na kwaya nzima nyuma yao. Kwa mara ya kwanza mwezi huu sina hofu yoyote.