Mita Mbili za Mama Kapinga

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Tata Muteba, mkubwa wa ofisi yetu ya kuchora ramani hapa Manika, leo amegawa kazi. Kuna mtaa wa kuchora kwa kompyuta: viwanja arobaini na viwili. Yeye atasaini, kisha wapimaji watapanda borne, zile nguzo fupi za saruji za mpaka, kwenye pembe. Borne ikishapandwa, imepandwa. Mtaa wenyewe ni ule ninaokaa mimi. Nimeiomba kazi hiyo kwa unyenyekevu. Nimepewa.

Sababu sikumwambia. Nataka kujenga ofisi yangu mwenyewe mbele ya nyumba, na kibao: KABAMBA, MCHORA RAMANI. Miaka kumi na moja ya kumchorea mtu mwingine inatosha. Lakini lupango wangu, kiwanja changu chenyewe, umepungukiwa mita mbili. Mita hizo zipo, ila zipo kwa jirani, Mama Kapinga, mjane anayeuza maharage sokoni. Pale amepanda matembele tu. Matembele yana haja gani na mita mbili nzima?

Jumanne, tarehe 7

Jaribio la kwanza. Mignonne alitoka kununua mkate. Huyu ni binti aliyekuja mwaka jana na diploma ya Lubumbashi, anaandika namba bila kutazama vidole. Simpendi sana. Nikashika mstari wa mpaka wangu na Mama Kapinga, nikaagiza usogee. Mashine ikauliza hadi wapi. Nikaandika 2,0: mita mbili kwa upande, sifuri kwa juu.

Mstari ukapotea. Nikabonyeza ionyeshe kila kitu. Mtaa wote ukawa kinukta, kinyesi cha nzi pembeni ya kioo. Mpaka wangu ulikuwa maelfu ya kilomita kusini, huko kwenye barafu.

Mignonne akarudi, akatazama, akacheka mpaka mkate ukamponyoka. Akanieleza polepole, kama mtoto wa shule ya mwanzo: nisipotanguliza arobase, ile @, mashine inahesabu kutoka sifuri yake yenyewe, na sifuri hiyo iko mbali sana. Nikiitanguliza, inahesabu kutoka pale mstari ulipo. Nikasema najua, nilikuwa naijaribu mashine. Marehemu baba alichora nusu ya mji wa Kisenge kwa wino na rula, na arobase hakuijua. Mstari umerudishwa. Hakuuliza nilitaka kuupeleka wapi.

Jumatano, tarehe 8

Leo nimetumia akili. Kabla ya kazi nilisimama barabarani, kwenye mlango wa lupango, nikaitazama nyumba yangu. Mama Kapinga yuko mkono wa kulia. Kwa mashine, kulia ni kujumlisha. Hilo hata Mignonne hawezi kulibishia. Kwa hiyo: @2,0. Nimeandika kwenye kiganja. Mke wangu, Elise, aliuliza kwa nini nimesimama barabarani na taulo kiunoni. Nikamjibu ni mambo ya kazi.

Saa sita Mignonne alikwenda kula bukari. Nikaandika upesi. Kwenye karatasi ya mtaa mzima, mita mbili hazizidi unene wa njiti ya kiberiti. Sikusogeza picha karibu nitazame, maana Tata Muteba alikuwa anapita na chai yake. Karatasi ikatoka. Akasaini.  

Ijumaa, tarehe 10

Wapimaji wamepita nikiwa kazini. Nimerudi na misumari ya kibao mfukoni. Nimemkuta Elise amekaa juu ya ndoo.

Borne mpya ipo. Ipo upande wetu. Choo chetu, nilichokichimba kwa mikono yangu, kimevuka mpaka bila kusogea. Sasa kiko kwa Mama Kapinga. Nimepima kutoka borne hadi ukuta wa jiko letu: zimebaki mita mbili na nusu tu.

Elise amesema mutaka yote anakosa yote. Nimemuuliza nani kasema nilitaka kitu. Amekishika kiganja changu, akakigeuza, akakisoma. Wino wa ofisi yetu ni mzuri mno.

Jumapili, tarehe 12

Kanisani. Mama Kapinga alisimama kutoa ushuhuda. Alisema choo chake kilianguka na mvua ya kwanza, na jirani yake fundi, bila kujitangaza, amemkatia mita mbili pamoja na choo. Watu wakapiga makofi. Pasteur akanishika bega. Elise alitazama viatu vyake hadi mwisho.

Baada ya ibada Mama Kapinga alitupatia ufunguo, maana ameshatia kufuli. Tuje saa yoyote, sisi na batoto. Nimepokea ufunguo wa choo changu kwa mikono miwili, nikasema aksanti mama.

Jumatatu, tarehe 13

Elise amemwambia Mama Kapinga yote. Mke wangu mwenyewe!

Asubuhi Mama Kapinga alishuka kwenye pikipiki ya taxi-moto mbele ya ofisi. Nikajua kazi imekwisha. Lakini alimwambia Tata Muteba kwamba mashine imekosea, kwamba mita hizo si zake, na anaomba mstari urudi ulipokuwa. Jina langu hakulitaja. Akanitazama mara moja tu, bila hasira. Nimeona aibu, ya kweli. Nilikwenda kusimama nyuma ya mashine ya kunakili mpaka macho yakakauka.

Tata Muteba si mjinga. Alisema bila mama huyu ningekuwa nje. Nirekebishe mwenyewe kesho, atasaini, wapimaji watarudi.

Mignonne naye akaniuliza kulia kwangu nilikupimia wapi, nikamwambia barabarani, akanipa maelezo. Kwenye ramani kaskazini iko juu daima, na kujumlisha kunakwenda mashariki, hata mtu asimame wapi. Barabara yetu iko kaskazini mwa nyumba, kwa hiyo ukisimama pale, kulia kwako ni kushoto kwa ramani, na kushoto ni kutoa. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nafikiria mama wa watu.

Jumanne, tarehe 14

Aibu imepungua baada ya chai. Nimefikiri vizuri. Faili litafunguliwa hata hivyo, na saini nimeshaahidiwa. Mita mbili za kurudi, na moja ya kuanzia ofisi, ndogo tu. Mama Kapinga hataiona. Mtu mwenye moyo mkubwa namna ile hapimipimi.

Mignonne jana alisema kitu kuhusu kaskazini, sikukishika chote. Basi nimetoka na taulo langu, nimesimama tena barabarani kuhakikisha. Bado yuko mkono wa kulia.

Nimeandika kwenye kiganja: @3,0.