Hesabu ya Getini

Tangazo Namba 14 la mwaka 1955 lilisomwa mbele ya kijiji kizima cha Kibugu. Hedimani Misheck, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alilisoma mara mbili kwa jinsi lilivyompendeza, kwani alilitunga mwenyewe. Kutoka au kuingia getini peke yako kulishakatazwa. Sasa kila kikundi sharti kijitosheleze. Chukua namba za nyumba mbili zozote kikundini, toa ndogo kwenye kubwa, na mtu wa nyumba yenye namba ya jibu awe papo hapo. Hivyo adui wa msituni hatapenya. Adui hajui kutoa.

Namba zilikuwa za nyumba kwa sababu wazee walikataa katakata watu kuhesabiwa; ni kuwaitia kifo. Misheck, mtu wa busara, akahesabu milango. Namba moja alijipa mwenyewe, mbili akampa karani Gichovi, na tatu hadi kumi na moja wakapewa homugadi, askari walinzi wa kijiji, kwa heshima.

Wiki nzima hakutoka mtu. Misheck aliripoti kwamba usalama umekamilika, na ripoti ikarudi na muhuri wa ofisi ya wilaya, Embu. Huko nje maharagwe ya Wamuyu, mjane wa nyumba ya kumi na mbili, yalikuwa yamekauka na mvua haikosi jioni. Siku mbili zaidi yangeota ndani ya maganda, na watoto wake wanne wale nini? Alikuwa na hasira, tena ya haki.

Asubuhi alifika getini na jirani yake Jedidah, wa kumi na tatu.

"Kumi na tatu toa kumi na mbili?" akauliza Wamuyu.

"Moja," akajibu Gichovi, akamtazama hedimani.

"Basi twende naye. Na kumi na mbili toa moja?"

"Kumi na moja, mama." Gichovi aliendelea kutoa, jasho likimtiririka, hadi akafika mbili. Mbili ni yeye.

"Sheria ni msumeno," alisema Misheck, akatia sahihi kibali cha kikundi kutoka.

Saa nne wote kumi na watatu walikuwa wameinama shambani kwa Wamuyu. Adhuhuri Misheck alinyoosha mgongo, akakumbuka ana kazi ofisini.

"Nenda, mzee," Wamuyu alimwambia kwa upole. "Ila utaingiaje peke yako? Na sisi tuliobaki tutakuwa kikundi haramu, chenye kibali cha sahihi yako."

Misheck akainama tena.

Jioni waliporudi na magunia matatu, Karimi wa nyumba ya thelathini alikuwa akiwangoja getini na jirani yake wa thelathini na moja. Walitaka kujua kama kesho hedimani angependa kuanza na mahindi au viazi.