Nilivyoipaka Baiskeli Oili Siku ya Kupeleka Posa

Leo nimeaibika. Nawaandikia mwenyewe hapa kwenye kundi, wazee wenzangu, kabla hamjaletewa habari na watu wa sokoni wenye kuongeza chumvi. Chumvi iliyopo inatosha.

Mnajua leo nilikuwa mshenga. Osia, mtoto wa mdogo wangu, anataka kuoa, na binti anakaa kijiji kile cha bondeni nyuma ya mji wetu wa Tunduma. Mshenga wa kwanza tuliyemtuma alirudishwa getini. Alifika amelewa, akasalimia mti. Basi familia ikakaa, ikasema safari hii aende mtu mzima, mtu wa heshima, mtu asiyeonja pombe. Wote wakanitazama mimi. (Sikukataa. Kweli ni kweli.) Ila wakanionya: wale watu wakimfukuza na mshenga wa pili, habari imekwisha, Osia atafute mke kwingine. Na Osia kwingine hataki. Kijana hali chakula.

Sasa baiskeli yangu mnaijua. Shule mimi iliniacha mapema, lakini hiyo baiskeli imevusha magunia mpaka Nakonde, upande wa Zambia, mpaka nikaezeka bati wakati wengine humu mnaota jua. Mvua hizi zimeitesa. Tope jekundu limejaa kati ya tairi na madigadi, cheni inalia kama paka aliyebanwa na mlango. Mke wangu akasema, "Baba Neema, si upande bodaboda?" Nikamwambia mshenga hapakiwi nyuma ya kijana kama gunia la viazi.

Asubuhi nikaiosha. Nikakwangua tope kwa kijiti, nikasugua spoku kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani (mke wangu anasema haukuwa wa zamani). Nikaifuta mpaka ikakauka. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Mtu angenizuia hapo, saa hizi ningekuwa na heshima yangu.

Nilikuwa na chupa ya oili chafu, nimepewa na dereva wa lori pale kwenye foleni ya mpakani. Fundi wangu huwa anasema weka tone kwenye cheni, zungusha, futa. Tone! Mimi sikufika hapa nilipo kwa matone. Nikawaza, kama oili inafukuza kutu kwenye cheni, kwa nini ringi inyimwe? Nikapaka cheni. Nikapaka ringi. Nikapaka spoku. Mke wangu akasimama mlangoni na ufagio wake.

"Na kwenye raba za breki pia?"

"Mama Neema, kutu haichagui."

"Sawa."

Wenye ndoa mnaijua hiyo sawa.

Nikavaa kaunda suti yangu ya rangi ya maziwa, ile niliyoshonesha Nakonde. Nikafunga mguu wa suruali kwa mpira usikamatwe na cheni. Huyo nikaondoka. Barabara ni tambarare, baiskeli inakwenda kimya kama nyoka, sikugusa breki hata kidogo. Nikapita foleni ya malori, madereva wananipungia mkono. Manyunyu yakaanza. Nikasema moyoni, nyesha tu, hii imepakwa.

Kwa vijana mliomo humu, desturi yetu ni hii. Mshenga haingii uani. Anashukia nje, anapiga hodi, anasimama mpaka akaribishwe. Na mama wa binti, siku ya kwanza, haonani na mshenga kabisa. Anajificha mpaka maneno yaishe.

Sasa kijiji kile kina mteremko. Na mteremko unaishia nyumbani kwa binti.

Nikaminya breki. Hakuna kitu. Nikaminya zote mbili kwa nguvu za ujana wangu wote. Baiskeli ikaongeza mwendo kana kwamba nimeishukuru. Nikashusha mguu kuzuia kwa kiatu. Kiatu kikabaki kwenye tope, mimi nikaendelea na safari.

Wazee wao walikuwa barazani wamevaa makoti, wananisubiri. Geti wamelifungua wazi, kwa heshima yangu. Hodi nilipiga, jamani, msiseme sikupiga. Ila mpaka mtu anafungua kinywa aseme karibu, mimi niko nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba kuna banda la nguruwe. Tairi likagonga uzio, baiskeli ikabaki nje, mimi nikaingia.

Mle bandani, ameinama na ndoo ya pumba, alikuwa mama wa binti. Ndipo alipojificha ili asionane na mshenga.

Tukatazamana. Nguruwe naye akatutazama. Salamu ya mahali pale sijawahi kufundishwa. Nikasema, "Habari za asubuhi, mama. Nimetumwa."

Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza.

Wazee wakaja mbio. Baba wa binti, mtu mrefu asiye na haraka, akaniangalia nilivyopiga magoti kwenye tope lile.

"Na huyu naye amelewa," akasema.

Hapo akilini nikamwona Osia kule nyumbani na sahani yake isiyoguswa. Nikasema, "Mzee mwenzangu, tangu nibatizwe sijaonja."

"Yule wa kwanza alisema hivyohivyo. Hebu pumua hapa."

Nikapumua. Mimi, mwenye bati na wajukuu, nimesimama mbele ya nguruwe nampumulia mwanamume mwenzangu puani. Akanusa. Akarudia.

"Pombe sisikii. Nasikia nguruwe, na lori."

Akaenda kwenye baiskeli, akapitisha kidole kwenye ringi. Kidole kikatoka cheusi kinang'aa. Akawaita wenzake. "Njooni muone. Mtu mzima ameipaka breki oili." Mmoja alicheka mpaka akashika uzio. Shangazi wa binti, aliyeolewa kule Nakonde, akanikaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni mukwai," na mimi bado nimo bandani.

Suti ilikuwa haitazamiki. Wakanipa maji, wakanipa kitenge cha mama wa binti, chenye picha za kuku. Nikakaa barazani nimekifunga mpaka kifuani, kiatu kimoja, nikatoa maneno ya ukoo. Kila nikifika penye neno zito, kuna mzee anakohoa.

Wakaingia ndani kushauriana. Nikasikia kicheko. Baba wa binti akatoka.

"Mama mwenye binti anasema hivi. Yule wa kwanza alisahau hata alichotumwa. Huyu, hata kwenye nguruwe, amekumbuka. Tumekubali. Ila siku ya mahari, aje kwa miguu."

Nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani, na kitenge changu cha kuku, nikapita foleni ileile ya malori. Madereva walinipungia tena. Walipunga sana.

Mke wangu alinitazama kuanzia juu mpaka kwenye mguu usio na kiatu. "Na breki?"

"Sawa," nikamjibu.

Osia amekula leo, akaongeza na sahani ya pili. Na mimi nimejifunza kwa bei ya suti kwamba anayekula oili ni cheni, breki hali. Kitenge kimefuliwa, kimeanikwa, kinatakiwa kurudi kwa mwenyewe, na mimi kule sionekani mpaka mahari. Natafuta mtu wa kukipeleka. Awe na breki.