Kikosi Changu cha Mieleka na Kifungu cha Tisa

Jumamosi, 28 Juni 1975

Iringa. Baridi kali. Heshima kubwa! Mimi, afisa utamaduni mwenye shahada (ofisini niko peke yangu), nimekabidhiwa kikosi cha mieleka kitakachopambana na kile cha Mbeya siku ya Sabasaba. Afisa wa Mbeya ni Abrahamu, niliyesoma naye chuo kikuu. Mfupi, mpole, hajapata kumaliza kitabu. Tumeafikiana kwa simu: wanamieleka wote watatoka kijiji kimoja cha wafugaji huko Usangu, nasi tutachagua mmoja mmoja kwa zamu. Kanuni nimeziandika mimi. Kifungu cha tisa kinasema hivi: timu ikikosa mtu wa kupambana, meneja wake ataingia ulingoni. Nilikiweka ili kumtia Abrahamu hofu. Akajibu, sawa, ndugu yangu. Akajibu upesi mno. Sikupenda.

Jumanne, 1 Julai

Usangu. Vumbi hadi kwenye kope. Niliwapima wanaume wote vifua, shingo na mapaja kwa futi ya fundi cherehani. Abrahamu hakupima kitu. Alikaa jikoni kwa akina mama, akinywa togwa na kuuliza nani kaoa kwa nani. Nilimwonea huruma.

Zamu ya kwanza ikawa yangu. Nikamchukua Malimi, kijana mwenye shingo kama kisiki. Abrahamu akachukua mzee mwenye kikohozi. Nikamchukua Nkuba, ambaye hubeba ndama mabegani kama mwingine anavyovaa koti. Abrahamu akachukua mzee aliyebakiza meno ya salamu tu. Nikaongeza vijana wawili, wote kama milango ya ghala. Abrahamu akaongeza mzee wa tatu, na mwisho kabisa akamtaja Ngolo.

Huyu Ngolo, nakiri, hakohoi. Ni pande la mtu. Humshika fahali pembe na kumlaza chini kama anayemlaza mtoto. Nilimkataa kwa hoja: amevuka miaka arobaini, na sayansi inasema nguvu za mwanamume hufikia kilele kwenye ishirini na mitano. Nilipomweleza hayo, akauliza hiyo sayansi ina kilo ngapi. Kijiji kizima kikacheka. Mtu wa namna hiyo hafai katika kikosi chenye nidhamu.

Tulipoagana alinipa mkono. Naandika kwa shida.

Ijumaa, 4 Julai

Nyumbani Kihesa, Iringa. Sina raha. Kwa nini Abrahamu alijibu upesi vile? Kwa nini wazee? Nimejihoji kwa utaratibu, nikatupilia mbali kila jibu, na hofu imebaki palepale.

Mama Rozalia, mwenye nyumba wangu, aliuliza kama vijana wangu wameoa. Nikamweleza kwa kirefu kwamba ndoa haina uhusiano wowote na misuli. Akasema, "Haya, mwanangu msomi," akaendelea kuchambua maharage. Lile "haya" silielewi. Limeninyima hamu ya kula.

Abrahamu ameleta simu ya maandishi: WAZEE WAZIMA SALAMU KWA KIFUNGU CHA TISA. Mshenzi!

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Niko hai. Nianze na hilo.

Uwanja ulijaa hadi juu ya miti. Malimi aliingia akiwa amepakwa mafuta, aking'aa. Akaingia yule mzee wa kikohozi. Malimi akamtazama, akachuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akamwamkia shikamoo, akatoka. Nilimkimbilia. Nikadai maelezo.

"Meneja, huyu ndiye aliyenipa mke. Nimkamate wapi?"

Nikasema amkamate kiunoni! Akanitazama kama niliyetukana kanisani. Mkwe hashikwi mwili, akasema. Kwani kwenu hushikwa?

Akaingia Nkuba, akakutana na yule wa meno machache. Naye akachuchumaa. Aliniuliza, akimwangusha babu yao, watoto wake atawatazama na uso gani? Wa tatu hakuwa ameoa, nikapumua. Kumbe posa yake imelala kwa mpinzani wake tangu mavuno, na akimgusa tu imekwisha. Nilinukuu wanafalsafa wawili. Hakuyumba.

Akabaki wa nne, na mpinzani wake Ngolo. Nilimshika kijana mkono, nikamsihi. Akasema kwa upole kwamba amemwoa binti mkubwa wa Ngolo, na kwamba nyumbani amebaki mdogo wake tu. Kisha naye akachuchumaa. Kumbe hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Abrahamu jikoni! Ni hila. Si mieleka hata kidogo.

Ndipo Abrahamu akashika kipaza sauti na kusoma, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya ibada, kifungu cha tisa.

Nilisukumwa na watu wa Iringa, watu wangu mwenyewe. Ngolo alikuwa amesimama katikati, kifua wazi, akijitemea mate viganjani.

"Karibu, Sayansi," akasema.

Alipiga hatua. Niliona kivuli chake kikinifunika miguu, kikapanda hadi tumboni. Sikumbuki kufikiri. Nilisikia tu sauti nyembamba ikipaa, nikaitambua kuwa yangu:

"Shikamoo, baba mkwe!"

Hata wauza karanga waligeuka. Ngolo akauliza, kwa mtoto yupi? Nikajibu, yule aliyebaki! Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Lakini Ngolo hakucheka. Alishusha mikono, akaifuta kwenye suruali, akarudi nyuma. Mbeya wakatangazwa washindi. Mimi nikatoka na mbavu zangu zote.

Mabishano yoyote mtu huyashinda kwa akili, si kwa misuli.

Jumatano, 9 Julai

Maafa. Ngolo amekuja Kihesa, akiwa na Severina, yule binti aliyebaki, ambaye kumbe alikuwapo uwanjani. Waliketi. Mama Rozalia akawapa chai, nami akanipa jicho. Ngolo alisema amekuja kusikia posa kwa mdomo wangu. Nilihutubia juu ya ndoa katika jamii mpya. Severina alisikiliza hadi mwisho, tena kwa adabu, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, huyu alitetemeka mpaka kifungo cha shati kikadondoka. Akisikia fisi, mimi ndiye nitakayetoka nje?"

Hapana, akasema. Hataki. Nilipiga magoti! Nikamwambia nitajifunza kukamua, nitahamia Usangu, nitavua miwani. Akasema miwani nibaki nayo, itanisaidia kuona nilipoangukia.

Ngolo alimeza chai yake yote. Hakukasirika; hilo ndilo lililonitisha. Alisema, kwa kuwa hakuna ukwe, mweleka wetu bado upo. Jumamosi, mnadani, mbele ya watu. Akanipa mkono tena.

Ijumaa, 11 Julai

Sijala tangu juzi. Nimetazama ratiba ya mabasi ya Dodoma, lakini Ngolo ana ndugu stendi. Nimechungulia dirishani mara nyingi kuliko inavyomstahili mwenye shahada.

Lakini alasiri hii, utulivu. Nimepata ufumbuzi, tena wenye mantiki kamili. Ngolo ana dada mjane, Kalista, anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Sijapata kumwona. Kesho, mara tu Ngolo atakapovua shati, nitatangaza kwamba ninamposa Kalista. Mkwe hashikwi, basi, kwa hoja hiyohiyo, shemeji naye hashikwi. Ni kanuni moja tu, nimeipanua.

Nilimdokezea Mama Rozalia. Alicheka hadi akaweka sufuria chini. Akaniuliza kama nimewahi kuona mashemeji wa kule wanavyochezeana kwa mikono wakikutana. Nikamjibu kwamba sina haja ya kuona. Akaomba anieleze, walau kidogo. Nikamwambia asubiri hadi kesho, nitamweleza mimi.