Mpango wa Kutibu Jimbo Namba Kumi na Tisa

Idara ya Mipaka na Mwelekeo wa Wapiga Kura ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba Jimbo Namba Kumi na Tisa limepona.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Afisa Mwandamizi Daraja la Pili, na nikalisoma mwenyewe kwenye kipaza sauti, mbele ya viti mia mbili na watu kumi na wanne. Ugonjwa wenyewe, kwa wasioujua, ulikuwa kuyumba.

Kwa miaka yote jimbo lile la pembezoni mwa mji halikuwahi kumpa mtu ushindi wa heshima. Uchaguzi wa kwanza Chama cha Ngazi kilishinda kwa kura kumi na moja. Wa pili kikashinda Chama cha Ndoo, kwa kura tisa. Kisha Ngazi tena, kwa nne. Kisha Ndoo, kwa kura mbili, na mmoja wa wapiga kura hao wawili alikuwa amekuja kituoni kumtafuta mumewe.

Vyama vikawa vinahaha. Kila ulipokaribia uchaguzi, kule kulimwagwa lami, zikawashwa taa za barabarani, ikajengwa zahanati yenye vitanda, na vitanda vyenyewe vina mito. Jirani yake, Jimbo Namba Kumi na Nane, la Mheshimiwa Waziri wetu wa Chama cha Ngazi, lilimpa Waziri kura elfu ishirini za ziada kila uchaguzi kwa miaka ishirini na tano. Kwa uaminifu huo lilipewa kalenda yenye picha yake.

"Hili Kumi na Tisa linatumalizia lami," Waziri aliniambia ofisini kwake. "Kachunguze. Nataka kujua hawa ni watu wa aina gani."

Nilichunguza wiki sita. Asilimia thelathini na moja ni wastaafu, ishirini na mbili wauguzi na walimu, kumi na nane mafundi, na waliobaki walijaza kwenye fomu "tupo tupo tu". Kitaalamu, wastaafu hupenda Ngazi. Wa kule walipenda Ngazi uchaguzi mmoja na Ndoo uliofuata. Mzee mmoja, fundi saa, aliniambia yeye ni Ngazi damu damu, ila safari hii anapigia Ndoo. Niliandika: "Mhojiwa amechanganyikiwa."

Siri niliipata kwa shangazi yangu. Yeye ni fundi cherehani kule, ndiye aliyenisomesha, na ndiye mtu pekee anayeniita "wewe kijana" mbele ya dereva wa serikali. Nilikwenda aniongezee kiuno cha suruali, maana cheo kilikuwa kimeanza kuonekana. Ukutani, pembeni ya mkasi, kulikuwa na karatasi: "Mitaa yetu minne. Nyumba za shufwa: Ndoo. Nyumba za witiri: Ngazi. Uchaguzi ujao tunabadilishana. Wagonjwa wasisumbuliwe."

"Shangazi, hii ni nini?"

"Zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kura. Kwani kufagia ua tunafanyaje?" Alikuwa na pini tatu mdomoni, na hakuona haja ya kuzitoa.

"Yaani mnapiga kura bila kuangalia sera?"

"Sera tunaziangalia sana. Zote shati moja, wamebadilisha vifungo tu. Sasa wewe kijana nisikilize. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa hasifiwi mtu. Akishinda, anapita kwenye tundu la sindano, halafu anatoka jasho miaka mitano. Kila uchaguzi bomba la maji linasogea. Sasa limefika kona ya fundi saa, mita mia mbili kutoka hapa. Nimebeba maji maisha yangu yote, na mgongo huu sikuazima. Nataka nifungue mfereji wangu mwenyewe kabla sijafa. Geuka nipime nyuma."

Niliumia, sitaficha. Shangazi yangu nampenda. Lakini kiapo ni kiapo, na nafasi ya Daraja la Kwanza ilikuwa wazi.

Nilipendekeza tiba. Mitaa ile minne, iliyoongoza zamu kwa jimbo zima, ikatwe kutoka Kumi na Tisa, ihamishiwe Kumi na Nane kwa Waziri. Katika kura elfu ishirini za ziada, zamu zao zingepotea kama chumvi ya kidole kwenye sufuria ya shule nzima. Waziri alicheka mpaka akafuta machozi. Akachora mpaka mpya kwa kalamu nyekundu, na nilipokwisha kusoma lile tangazo la kupona, akanipa Daraja la Kwanza.

Bomba lilikuwa la Kumi na Tisa, na Shangazi hakuwa tena wa Kumi na Tisa. Wachimbaji walikusanya sururu zao pale kona ya fundi saa, wakaaga kwa adabu.

Nilikwenda kumweleza. "Shangazi, ni utaratibu tu."

Hakugomba. Tangu nikiwa mdogo, Shangazi asipogomba najua kuna jambo.

"Huko kwa Waziri wako maji yapo?" aliuliza.

"Upo mpango wa maji."

"Na watu?"

"Wengi mno."

"Wanavaa nguo?"

"Shangazi, jamani. Wanavaa."

"Basi sawa."

Wiki iliyofuata alihamishia cherehani sokoni, katikati ya Kumi na Nane. Ulikuwa msimu wa sare za shule. Kila mama aliyeleta mtoto kupimwa aliulizwa namba ya nyumba, na Idara haikuona tatizo, kwani fundi lazima ajue pa kupeleka nguo. Kwenye ripoti yangu ya robo mwaka niliandika: "Mwamko wa mavazi umeongezeka."

Asubuhi ya uchaguzi mke wangu alinitengea chai. Sisi pia tunakaa Kumi na Nane.

"Baba Watoto, sisi ni shufwa," akasema.

"Kura ni siri, mke wangu."

"Ni siri, ndiyo. Ila sisi ni shufwa."

Mimi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo nitaishia hapo.

Waziri alishinda kwa kura tatu. Zilihesabiwa mara nne, na katika hesabu ya pili alikuwa ameshindwa. Nyumba yake ni namba arobaini. Alitaka kujua ni nani ndani ya nyumba yake aliyempigia Ndoo, lakini msimamizi akamwambia sheria inakataza kuuliza, na mke wa Waziri akaitetea sheria hiyo kwa nguvu zote.

Jumatatu alinichukua kwenye gari lake, bila msafara, tukaenda nyumbani kwa Shangazi, alikokuwa amerudisha cherehani baada ya msimu wa sare. Alikaa kwenye benchi akasubiri, nyuma ya mama mmoja mwenye pazia la kupindwa. Nusu saa nzima. Sijawahi kumwona Waziri akisubiri kitu.

"Shangazi," alisema zamu yake ilipofika, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri. "Mara hii watu wamenitisha. Uchaguzi ujao itakuwaje?"

"Mimi nashona tu, Mheshimiwa."

"Tafadhali."

Shangazi alimtazama, na nadhani alimhurumia kidogo. "Pale kona kuna mtaro umeachwa. Zimebaki mita mia mbili. Watu wanaupita kila siku na ndoo kichwani, na kila wakiupita wanakutaja."

Waziri alinigeukia. Nilimfahamisha kwamba kuendeleza mtaro kunahitaji kwanza tathmini ya miezi kumi na minne, kisha kamati.

Alivua koti, akaliweka juu ya cherehani, akakunja suruali mpaka magotini. "Sururu ipo?" akauliza.

"Zipo mbili," alisema Shangazi.

Nilimkumbusha Waziri, kwa heshima zote, kwamba mimi sasa ni Daraja la Kwanza.

"Basi atatangulia yeye," Shangazi akamwambia.