Chumba Changu cha Brussels

Jumapili, 18 Mei

Siku mbaya. Ilianza vizuri, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Baada ya ibada, chai kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, mtaa wa Frogtown, hapa Amerika. Maurice alikuwa anasimulia Dubai tena. Maurice ni nesi, Mkenya, ana nyumba Maple Grove yenye gereji ya magari matatu, na kila Jumapili lazima hiyo gereji iingie kwenye mazungumzo. Mimi nasafisha sakafu katika nyumba ya wazee, Burnsville. Gereji sina. Kwa hiyo nikatoa silaha yangu ya siku zote: mwaka wangu wa masomo Brussels, 2001. Chumba changu ghorofani, karibu na uwanja mkuu. Harufu ya mikate asubuhi. Sanamu maarufu ya mtoto anayekojoa, ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Watu kimya, wanasikiliza. Maurice kanywea!

Ndipo mke wangu Donatille akasimama, akagonga kikombe kwa kijiko. Akatangaza kwamba mwezi huu tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, kwamba amefanya zamu za ziada tangu Januari bila kuniambia, na kwamba amekata tiketi mbili. Brussels! Tunaondoka Alhamisi. Anataka kukiona kile chumba kwa macho yake.

Makofi. Vigelegele. Kemunto, mke wa Maurice, akasema hiyo wikendi ndefu ya sikukuu ya Memorial Day hata wao wako huru. Maurice akafungua simu pale pale, akatafuta viti.

Niandike ukweli hapa, maana daftari halina mdomo. Sijawahi kuishi Brussels. Sijawahi kuiona. Niliitunga mwaka 2004, katika kambi ya wakimbizi Wakongo ya Nyarugusu, Tanzania, kwa sababu Donatille alikuwa anaposwa na mwanamume mwenye baiskeli. Nilihitaji kitu kikubwa kuliko baiskeli.

Jumatano, 21 Mei

Mpango wa kwanza: kuumia. Nimejiangusha taratibu kwenye ngazi za kazini, nikashika kiuno, nikapiga yowe. Mzee wa miaka tisini na mbili akaja kuniinua. Akaniinua kweli! Mpango umekufa.

Mpango wa pili: kusoma. Saa ya chakula nimejifungia chooni na ramani. Mji una barabara zilizosokotana kama nywele za asubuhi, na kila barabara ina majina mawili, la Kifaransa na la Kiholanzi. Hawa watu hawana huruma na mwongo.

Nyumbani binti yetu Shekinah amenikuta bado nakariri. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini mtu asome ramani ya mji aliokaa mwaka mzima. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba barabara huhama. Ameenda chumbani kwake akicheka.

Ijumaa, 23 Mei. Brussels

Tumefika. Ndege mbili, usingizi hakuna. Maurice ana mto wa shingoni, kitabu cha watalii, na viatu laini vya kutembelea. Mimi nina viatu vya kanisani. Nilisema wenyeji hatuvai raba.

Nikawaongoza kutoka kituo cha treni kwa kujiamini. Kujiamini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua njia. Tulilizunguka kanisa moja mara tatu, hadi Kemunto akauliza kwa upole kama haya makanisa yote yanafanana. Nikasema Wabelgiji wanapenda kurudia.

Uwanja mkuu! Majumba ya dhahabu pande zote nne. Donatille alisimama mdomo wazi, machozi yakamlengalenga. Mimi pia yalikuja. Lakini aliyekaa hapa mwaka mzima halii. Ikabidi nipige miayo. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na mimi napiga miayo!

Kisha sanamu. Umati kwenye kona. Mimi natafuta juu, angani. Donatille akanigusa, akanionyesha kwa kidole: kule chini. Katoto ka shaba ambako hakanifikii kiunoni!

Nikafikiri haraka. Nikasema hii ni nakala tu, sanamu yenyewe wameihifadhi ndani. Maurice aka-google. Uso ukambadilika. Ni kweli! Ya asili iko makumbusho! Nilikaribia kuokoka upya.

Maurice akasema basi twende tukaione. Tumeenda. Imewekwa nyuma ya kioo. Urefu ni ule ule.

"Wewe bro," Maurice akasema, "hizo ghorofa tatu zilikuwa za panya?"

Kemunto alicheka mpaka mlinzi akaja.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi, bustani yenye tao kubwa na farasi wa shaba juu yake. Maurice akatusomea kitabu chake kwa sauti ya mwalimu mkuu: mfalme fulani, mwaka fulani. Nikamjua huyo mfalme. Ni yule wa utomvu wa mpira wa Kongo na mikono iliyokatwa, yule ambaye bibi zetu walitutishia kwa jina lake tusipolala. Maurice alipofika hapo akafunga kitabu mwenyewe.

Donatille alisimama chini ya lile tao muda mrefu, shingo juu. Halafu akanipa simu yake.

"Nipige picha na mali ya babu," akasema.

Nikampiga. Hakutabasamu. Nilitafuta uongo wa kuchangamsha watu, nikakosa hata mmoja.

Mchana, chumba. Hakukisahau! Nikachagua kichochoro chembamba, nyumba ya zamani, dirisha la juu lenye maua. Nikasema pale. Sauti ilitetemeka vizuri sana. Donatille akanishika mkono. Ingeishia hapo, ningekuwa mtu huru. Lakini Maurice akabonyeza kengele!

Mlango ukafunguliwa na mzee mwenye koti jeupe. Karibu na kengele kulikuwa na kibao cha shaba ambacho sikuwa nimekisoma: daktari wa meno, tangu 1979. Wenzangu wote wakanigeukia. Nikamwambia yule mzee, kwa Kifaransa cha mbio, kwamba kuna jino linaniua. Kisha nikawageukia wenzangu, nikaeleza kwa Kiswahili kwamba huyu ndiye baba mwenye nyumba wangu, kanikumbuka, anataka tuongee faragha.

Hakutaka kuongea. Alinilaza kwenye kiti, akagonga meno yangu moja baada ya jingine, akakuta gego la kushoto limeoza kweli. Akafurahi kama aliyeokota lulu. Baada ya saa moja nilitoka bila gego, shavu kama andazi. Maurice akasema baba mwenye nyumba wangu ana salamu kali. Sikuweza kujibu, mdomo ulikuwa na ganzi. Donatille alikuwa amenipa mgongo, anatazama lile dirisha, mabega yanatikisika. Masikini, nilidhani analia.

Jumapili, 25 Mei

Ibada Matonge, mtaa wa Wakongo. Donatille ndiye aliyetaka. Mpango wangu: kukaa nyuma, kutosalimia mtu, kutoka kwanza. Lakini mama mmoja wa kwaya alinikodolea macho tangu wimbo wa kwanza, na baada ya baraka akaja mbio akiita jina langu, Callixte, akanikumbatia kwa kelele. Uwimana! Jirani yangu Nyarugusu, mlango kwa mlango! Siku hizi anauza vitenge hapa.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Akawaeleza mwenyewe kwamba aliishi nami kambini tangu 1998 mpaka 2006, na hapakuwa na siku ambayo Callixte hakuonekana. Na kila Krismasi, kwenye igizo la kanisa, Callixte alikuwa kondoo. Miaka minane mfululizo! Kondoo mzuri, akasema, analia kama kondoo wa kweli.

Maurice alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtu anayekula nyama.

"So hiyo mwaka ya Brussels," akasema, "ulikuwa kondoo?"

Kemunto alikaa chini kwenye ngazi za kanisa. Hakuweza kusimama kwa kicheko.

Jioni nikamchukua Donatille kwenye benchi la bustani. Nilikuwa na hotuba ya toba, ndefu, yenye sehemu tatu. Akanikatiza sehemu ya kwanza.

"Baba Shekinah, siku ya mahojiano ya kuja Amerika nilikaa pembeni yako. Afisa alikuuliza nchi ulizoishi. Ukasema Kongo na Tanzania, basi. Nilikusikia."

Miaka kumi! Miaka kumi anajua, na ananiacha nisimulie harufu ya mikate! Na Kifaransa, ambacho sijawahi kumsikia akikizungumza, anakielewa vizuri. Jana alisikia kila neno nililomwambia daktari. Yale mabega hayakuwa ya kilio.

Nikamuuliza kwa nini basi katuleta hapa. Akasema alitaka kuuona mji uliozungumzwa nyumbani kwake miaka ishirini, na alitaka kuniona mimi nikiwa ndani yake. Vyote viwili vimemfaa.

Nikajikaza, nikauliza kuhusu yule mwenye baiskeli. Je, angemchukua yeye kama angejua? Akafikiri. Akasema yule alikuwa msema kweli, lakini kweli zake zote zilihusu mnyororo na pancha. Akavunja kipande cha chokoleti, akanitia mdomoni upande wa kulia, usiouma. Nikashindwa kuongea. Ganzi ilikuwa imeisha tangu jana.

Jumanne, 27 Mei. Burnsville

Kazini tena. Mikono inanuka sabuni, roho nyeupe. Nimeapa mbele ya ndoo na ufagio: sitadanganya tena kuhusu mahali popote duniani. Nimejisikia mwepesi siku nzima.

Jumapili, 1 Juni

Maurice kawasimulia kanisa zima. Watoto wananililia mee kwenye korido. Mchungaji Rukundo ameniomba, kwa uso mkavu kabisa, nifikirie igizo la Krismasi. Nimepokea yote kwa unyenyekevu. Siku tano za kiapo!

Ila katika kunyamaza huko nimetafakari, na nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Kudanganya hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuchagua mji wenye Wakongo.

Kwenye chai, Maurice akatangaza kwamba mwakani yeye na Kemunto wanakwenda Helsinki. Akauliza kama kuna anayeujua mji huo. Nikauma ulimi. Nikatazama dari. Nikahesabu hadi saba. Saba!

Kisha nikasikia sauti ikisema kwamba Helsinki ni mji mzuri ukiuzoea, na kwamba niliuzoea katika miezi minne. Ilikuwa sauti yangu.

Ukumbi mzima ukageuka. Donatille akaweka kikombe chini, akatoa simu, akafungua kalenda. Akaniuliza, kwa utulivu, aombe likizo mwezi gani.

Nikasema Februari, wakati wa theluji. Wafini hawatanitambua bila koti.